Mama mkwe anataka kupaa, mimi naogopa kamba

Shikamoo mjomba,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa mwaka wa kumi na mbili sasa. Mwezi ujao familia nzima tunakwenda likizo ufukweni. Mama mkwe wangu atatimiza miaka 61 tukiwa hukohuko, na ametangaza kwamba zawadi anayoitaka ni moja tu: apaishwe na ule mwavuli mkubwa unaovutwa na boti, paraseilingi. Aliona picha ya rafiki yake akining'inia angani anacheka, na tangu siku hiyo hatulali. Mume wangu amefurahi mno kusikia mama yake anataka kitu, kwa hiyo amekwishalipia nafasi tatu: ya mama, ya mwanangu wa miaka 9, na yangu.

Tatizo ni mimi. Miaka miwili iliyopita nilipaa na mume wangu. Siku hiyo upepo ulivuma hadi viti vitupu vya plastiki vikawa vinajikokota mchangani. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akitufunga mikanda kama upepo ule haukuzidi. Akacheka, akamwambia mwenzake, "Huyu ameanza kusoma dua mapema." Boti nzima ikacheka, mume wangu naye akacheka. Nikanyamaza, tukapaa. Kule juu mwavuli uliyumba kama ungo unaopepetwa. Kamba inakakamaa, inalegea, inakakamaa tena. Nikitazama chini nawaona wale vijana wawili wameinamia mashine ya kuvutia kamba, wanahangaika nayo. Tuliahidiwa dakika kumi, nikaziona kama saa nzima. Tulishuka salama. Mume wangu akasema ilikuwa tamu, mimi nikaenda kutapika nyuma ya kibanda cha tiketi.

Mpaka leo sijui kama palikuwa na hatari au ni uoga wangu tu. Mume wangu anasema wale watu wanaifanya kazi hiyo kila siku, wanaijua, na nikianza maswali yangu mbele ya mama yake nitamwaibisha. Mama mkwe ananiambia, "Mwanangu, nimezaa watoto sita, mwavuli utanifanya nini?" Nampenda na sitaki kuwa mkwe aliyemharibia siku yake. Lakini mwanangu naye yumo.

Mjomba, mtu asiyejua lolote la boti atajuaje kwamba leo ni salama na kesho si salama? Mtoto wa miaka 9 apae? Na nisemeje haya bila kuzua ugomvi?

Mkwe mwenye wasiwasi

*

Marahaba, binti yangu. Mpe mama mkwe salamu zangu nyingi, maana abiria wa aina yake ndio niliokuwa nikiwapenda. Kabla ya kukaa mezani kujibu barua nilikuwa baharia msaidizi kwenye boti ya mchezo huohuo. Nimefunga watu mikanda mpaka vidole vikaota sugu, kwa hiyo hapa nakujibu kama mtu wa kazi.

Nianze na lile linalokukera kwa miaka miwili. Haukuwa uoga. Umenipa dalili tatu bila kujua kwamba ni dalili: viti vilivyojikokota, kamba iliyokakamaa na kulegea, na watu wawili walioinamia winchi, ile mashine ya kuvutia kamba. Kwa mtu wa kazi hizo tatu kwa pamoja zina maana moja, kwamba upepo ulikuwa unaelekea kuishinda boti. Mlishuka salama kwa sababu hakuna kilichokatika. Yule kijana aliyekucheka naye bila shaka alikuwa anaomba dua yake kimoyomoyo pale kwenye winchi.

Elewa jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi, na maswali yako mengi yatajijibu. Boti inaelekea upepo unakotoka, mwavuli unajaa, winchi inaachia kamba polepole, abiria wananyanyuka kutoka kwenye jukwaa la nyuma. Wakati wa kushuka winchi inawavuta mpaka wakae palepale walipotoka. Kinachowashikilia ninyi na boti ni kamba moja. Upepo ukiwa wa wastani, nahodha ndiye mwenye mchezo: akiongeza mwendo mnapanda, akipunguza mnashuka. Upepo ukizidi, mwavuli unabaki juu hata boti ikisimama, na winchi inajikuta inashindana na upepo wenyewe. Hapo nahodha hana tena mchezo.

Na upepo hauzidi kidogo kidogo kama watu wanavyodhani. Kasi yake ikiwa mara mbili, mvuto wake kwenye mwavuli unakuwa mara nne. Upepo unaoupiga mwavuli ukipanda ghafla kutoka kilomita 15 kwa saa hadi 30, ile kamba haibebi mara mbili ya mzigo wa mwanzo, inabeba mara nne. Ndiyo maana nahodha mzuri haogopi sana upepo wa wastani unaovuma mfululizo kama anavyoogopa ule wa mikupuo, unaotulia kisha unapiga. Kukakamaa na kulegea ulikokuona ni mikupuo hiyo. Kila kamba inapolegea halafu ikavutwa kwa kishindo, inachoka.

Utajuaje bila kipimo? Tazama bahari kabla ya kutazama tiketi. Mabaharia wana kipimo cha Beaufort, na uzuri wake ni kwamba kinasomwa kwa macho. Mawimbi madogo yenye povu jeupe hapa na pale ni upepo wa kilomita 12 hadi 19 hivi kwa saa. Povu likizagaa, na nchi kavu vumbi na karatasi zikiruka, ni 20 hadi 28. Bahari ikiwa imejaa povu jeupe kila upande, na miti midogo yenye majani inayumba, umefika 29 hadi 38. Hapo kwangu hakuna mazungumzo, tunakunywa chai. Viti vyako vya plastiki naviweka daraja hilohilo au juu yake. Kumbuka pia kwamba kule juu upepo kwa kawaida ni mkali kuliko usoni mwa maji, kwa hiyo anayekwambia "mbona hapa shwari" anakupimia mahali ambapo hutakuwepo.

Ukitaka kiwango cha kumtajia mtu, chukua sheria ya jimbo la Florida, Marekani, ya mwaka 2014. Ilitungwa baada ya watu kufa na kuumia. Inakataza boti za biashara kupaisha watu upepo wa mfululizo ukizidi maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi. Mikupuo ikizidi maili 25, kama kilomita 40. Au mikupuo ikiuzidi upepo wa kawaida kwa maili 15. Inakataza pia kukiwa na mvua au ukungu mzito unaozuia kuona nusu maili mbele, na radi ikiwa ndani ya maili 7, kilomita 11 hivi. Nahodha anatakiwa aandike hali ya hewa kwenye daftari. Huenda huko mnakokwenda hakuna sheria ya namna hiyo, lakini upepo haubadiliki kwa kuvuka mpaka. Ni swali la adabu kabisa kumuuliza nahodha: "Leo upepo unasoma ngapi, na wewe unasimama ukifika ngapi?" Mwenye kipima upepo atakujibu kwa namba mbili. Asiye nacho atakuangalia usoni na kukwambia usijali.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwenye kazi yetu tulikuwa tunaongeza kwamba upepo hufika kabla ya mvua. Wingu jeusi likiwa bado mbali, pumzi yake ya baridi inakuja mbele yake kwa kasi, na inaweza kuukuta mwavuli hewani ndani ya dakika chache. Kwa hiyo usikubali neno "tuwahi kabla mvua haijafika". Anayewahi mvua anakwenda kukutana na upepo wake.

Sasa kamba, ambayo ndiyo umeiogopa na una haki. Mwaka 2014 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa ripoti maalumu kuhusu mchezo huu, na mambo yaliyojirudia ni upepo mkali, kamba kukatika na vifaa vilivyochakaa. Watu wengi hawajui kwamba fundo lenyewe linaipunguzia kamba nguvu kwa kiasi kikubwa. Mahali inapokunjwa na kubanwa nyuzi za upande mmoja zinabeba kuliko za mwenzake, ndiyo maana mara nyingi inakatikia karibu na fundo la upande wa abiria. Ongeza jua, chumvi, mchanga na kusuguliwa kila siku. Boti inayojiheshimu hukata kipande cha mwisho mara kwa mara, ikafunga fundo jipya kwenye sehemu nzima, na kamba nzima ikatupwa ikifikisha muda wake. Kwetu kulikuwa na daftari la kamba, na nahodha wetu, mtu mkali ajabu, alilificha kuliko pesa.

Kwa hiyo uliza: "Mwisho wa hii kamba mmeukata lini?" Swali hilo linamwambia mtu kwamba anaongea na abiria anayejua anachouliza, na kicheko huisha palepale. Kisha angalia mwenyewe. Kamba nzuri ni laini na rangi yake imelingana. Iliyochoka ina manyoya, imefifia, au imekauka kama kijiti. Fanya vivyo hivyo kwa mikanda: nyuzi za mshono zimekaa au zimeanza kuchomoka? Kulabu zinafunga zenyewe na kujikaza, au zimepata kutu? Kitambaa cha mwavuli kimepauka mpaka unaona mwanga? Huhitaji ufundi. Ukienda sokoni hununui kamba ya kufungia mbuzi bila kuivuta, sembuse hii.

Kamba ikikatika hamtaanguka kama jiwe. Mwavuli bado ni mwavuli, utashuka taratibu huku ukipeperushwa na upepo. Hatari inaanza mnapofika chini, kwa sababu upepo uleule unaujaza tena mwavuli na kuwaburuta juu ya maji kama tanga lisilo na usukani, au unawapeleka moja kwa moja nchi kavu. Mwaka 2013 huko Panama City Beach, Florida, wasichana wawili walikatikiwa na kamba katika upepo mkali, wakabamizwa kwenye jengo, wakapita kwenye nyaya za umeme, wakaangukia magari. Walipona wakiwa na majeraha makubwa. Mwaka 2022 katika visiwa vya Florida Keys, mama mmoja alikuwa juu na watoto wawili dhoruba ilipofika. Mwavuli ukaanza kuivuta boti, nahodha akaikata kamba, nao wakaburutwa mpaka wakagonga daraja la zamani. Mama yule alifariki, watoto wakapona. Nakuandikia haya kwa sababu nataka ujue pa kutazama: upepo unavuma kuelekea wapi, na huko unakoelekea kuna nini? Ukivuma kuelekea majengo, daraja au miamba, boti lazima iwe mbali kiasi kwamba kamba ikikatika, mwavuli utue majini muda mrefu kabla ya kufika huko. Boti inayopaisha watu karibu na ufuko ili picha zitoke vizuri, iache.

Katika mambo yote hayo, umeona abiria aliye juu anaweza kufanya nini? Karibu hakuna. Ukishanyanyuka umekuwa mzigo, kama gunia kwenye kreni. Huna usukani wala breki, na kulabu iliyobeba uzito wako huwezi kuifungua kwa vidole hata ukitaka. Uwezo wako wote uko chini, kabla miguu haijaachana na jukwaa, na unaitwa "hapana, leo sipandi". Wewe uliutoa uwezo huo kwa kicheko kimoja. Sikulaumu, nimeona wanaume wa miraba minne wakiutoa kwa sababu hiyohiyo, mbele ya wake zao.

Hapo naingia kwenye pesa, ambazo watu hawazihesabu kama suala la usalama. Mume wako amelipa tayari. Mpigie mwenye boti leo, kabla ya safari, umuulize: hali ya hewa ikikataa, tunarudishiwa pesa au tunapangiwa siku nyingine? Akisema ndiyo bila kusitasita, una nahodha ambaye hasara yake ni ndogo akiamua kubaki. Akisema pesa hazirudi, jua kwamba kila upepo utakuwa mzuri kwake. Mkifika, msipange siku ya mwisho ya likizo. Pangeni siku ya kwanza au ya pili ili kuwe na nafasi ya kuahirisha, na mchukue safari za asubuhi, maana pwani nyingi upepo wa baharini huamka mchana na kukua kadiri jua linavyopanda. Siku ya kuzaliwa ya mama inaweza kusherehekewa kwa keki. Kupaa kukatokea siku bahari inapokubali.

Hesabu pia watu wa boti. Wasipungue wawili: mmoja wa usukani na mwingine ambaye kazi yake ni kuwatazama waliopaa, bila kupiga picha za biashara na bila kuchezea simu. Nahodha anayeendesha huku kageuza shingo kutazama juu ni nusu nahodha. Chagua boti yenye winchi na jukwaa la kupaa na kutua. Kuna wanaovuta watu kutoka mchangani kwa boti ya kawaida na kamba isiyokunjwa. Huo mtindo wa kukimbia mchangani na kutua mchangani siupendi, na kwa magoti ya miaka 61 siupendi kabisa. Mwaka 2017 huko Phuket, Thailand, mtalii mmoja mzee alinyanyuliwa kutoka ufukweni, akachomoka kwenye mikanda muda mfupi baadaye, akafa.

Kwa hiyo mikanda. Jaketi la kujiokolea linavaliwa kwanza, limfae mtu na lifungwe lote. Mikanda inakuja juu yake. Kuna mkanda wa kiuno na mizunguko miwili ya mapaja, na hiyo ya mapaja ndiyo inayokubeba ukiwa umekaa. Ikiwa imelegea kiasi cha kupitisha ngumi, haijafungwa. Mwombe baharia akuoneshe kila kulabu akiitaja, halafu uishike kwa mkono wako. Mimi nilikuwa nawaambia abiria waivute kwa nguvu mbele yangu. Wengi waliona aibu, nikawavutia mimi. Mwombe pia akuoneshe, mkiwa bado kwenye boti, jinsi ya kujifungua mkiwa majini na kamba imelegea. Asiyeweza kueleza hilo kwa dakika mbili hakustahili kukufunga.

Mama mkwe, basi. Umri wake si tatizo. Kupaa kutoka kwenye jukwaa ni kama kunyanyuliwa ukiwa umekaa kwenye bembea. Ninachotaka kujua ni mgongo, shingo, moyo na presha, na kama amefanyiwa upasuaji wowote karibuni. Akiwa na mojawapo, daktari wake aulizwe kwanza, siyo mimi wala kijana wa tiketi. Mjamzito asipande, na aliyekunywa pombe asipande, hata kama ni bia moja ya kusherehekea. Angalieni pia bima yenu ya safari kama mmekata, kwa sababu nyingi huuweka mchezo huu kwenye orodha ya mambo zisizoyalipia, na orodha hiyo iko ukurasa ambao hakuna anayeusoma. Na ile fomu ya kusaini mtakayopewa isomeni. Imeandikwa kumlinda mwenye boti.

Mtoto ni hesabu nyingine. Umri wenyewe haunisumbui kama uzito. Boti yoyote makini ina uzito wa chini na wa juu kwa jumla ya waliopaa, na inaubadilisha kulingana na upepo wa siku hiyo. Mtu mwepesi peke yake kwenye upepo wenye nguvu ni kama karatasi: mwavuli hautaki kushuka, winchi inateseka. Kwa hiyo asipae peke yake. Apae pembeni ya mtu mzima, kwenye mikanda yake mwenyewe ya saizi ya mtoto, kamwe si kupakatwa. Wakisema "tutambana tu kwa mkanda mkubwa", mshukishe. Wakikuuliza uzito usipunguze kwa aibu, na mama mkwe mwambie hivyohivyo, maana tulikuwa na wamama waliotupunguzia kilo ishirini kwa tabasamu. Na muulize mtoto mwenyewe, mkiwa wawili, bila baba wala bibi. Mtoto wa miaka 9 anaweza kukubali jambo kwa sababu bibi yake amesema.

Kwenye boti kuna hatari ambayo haipigwi picha. Winchi inayozunguka haitofautishi kamba na kidole. Kaeni pale mnapoambiwa, msiruke kamba iliyotandazwa, msiegemee nyuma. Nywele ndefu zifungwe, mitandio na mikufu ibaki kwenye begi. Mkubaliane ishara za mikono kabla: juu zaidi, inatosha, tushushe. Kule juu shikeni mikanda, kaeni kimya kiungwana, msijirushe wala kujipindua. Ule mchezo wa kuchovya miguu majini mnaweza kuukataa, siyo lazima. Na nahodha akiwashusha mapema, msinung'unike kuhusu dakika mlizolipia. Huenda ameona kitu nyuma yenu.

Likitokea la kutokea, usifungue chochote hewani. Shikilia mikanda, miguu pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, vuta pumzi kabla ya kugusa maji. Mkiburutwa, lalia mgongo ili uso uwe juu, na ukiweza kufungua kulabu pale kamba zinapolegea, fungua. Kitambaa kikikufunika, kinyanyue kwa mkono upate hewa, kisha kifuate kwa mikono upande mmoja tu mpaka ukingoni, bila kupiga mateke, maana nyuzi zake hupenda miguu inayorusharusha. Mwoneshe mwanao haya kwa shuka kitandani. Ataona ni mchezo, lakini mwili utakumbuka.

Umebaki ugomvi. Usiyazungumze haya mbele ya mama mkwe, na usianze na neno "naogopa", kwa sababu mume wako amekwishalizoea na ana jibu lake. Mchukue kando jioni mmoja, umwambie ulichokiona siku ile: viti, kamba, winchi. Mweleze kila kimoja kilikuwa na maana gani. Yeye alikuwa anatazama mandhari, hakuviona. Kisha mpe kazi: awe yeye wa kumuuliza nahodha kuhusu upepo na kamba. Mwanamume anayekataa mke wake kuuliza maswali hufurahi sana akiyauliza mwenyewe, hilo nimelishuhudia mara nyingi kuliko upepo. Na mkubaliane mapema, ninyi wawili tu, kwamba mmoja wenu akisema "leo hapana", mwingine hamuulizi kwa nini mpaka mrudi chumbani.

Mama mkwe mwambie mbele ya watu wote kwamba zawadi yake ipo, na siku yake itachaguliwa na bahari. Mtu aliyezaa sita anajua kusubiri.

Wewe mwenyewe usipae. Nafasi yako mpe mumeo, akae na mama yake na mtoto. Wewe kaa kwenye boti, mahali unapoiona kamba na winchi, maana sasa unajua unachotazama. Ukiona povu limeanza kuwa jeupe kila upande, mguse nahodha begani umwambie awashushe. Na kabla hawajanyanyuka, mvue mama mkwe miwani, labda awe ameifunga kwa kamba shingoni. Nimeokota miwani mingi majini, na mingine mingi sikuiokota.

Mjomba